Kurasa Arobaini na Moja Zisizosomeka

Mimi mkono wangu ni mwepesi. Nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Watu wakisikia kwamba askari kanzu walinitandika siku tatu mfululizo, miaka ile ya chama kimoja, wanaanza kuniita shujaa, na mimi nawaambia nyamazeni kwanza. Kofi lililoyaleta mambo haya nililipiga mimi, tena nilimpiga mtu aliyekuwa akifanya kazi yake.

Nilikuwa karani katika mradi wa mbegu za mahindi, nje kidogo ya Eldoret, upande wa kwenda Chepkoilel. Nilikuwa nimetoka magharibi kutafuta kazi kama wenzangu wengi, nikapanga nyumba Yamumbi na mke wangu, nikawa naenda ofisini kwa baiskeli. Wafadhili walituletea kompyuta, na pamoja nayo kidude cha kuiunganisha na simu kinachoitwa modemu. Mzungu mmoja akakaa na mimi wiki mbili akinifundisha, halafu akarudi kwao. Kwa hivyo ofisi nzima ni mimi tu niliyekijua kile kitu, na nilivyojiona, wacha tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huko Nairobi kulikuwa na kompyuta iliyokaa kungoja kupigiwa simu. Ukiipigia, modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu kwenye skrini unatokea ubao wa matangazo: barua za watu, maswali, na orodha ndefu za faili. Nyingi za faili hizo hazikuwa Nairobi. Zilikuwa kwenye kompyuta nyingine za mbali, Uingereza huko, Amerika huko. Wewe unaandika ombi: nataka faili fulani, liko mahali fulani. Unakata simu. Kompyuta ya Nairobi, saa yake ikifika, inapigia ile ya ng'ambo, inakuombea, inapokea na kukuwekea. Ukipiga tena baada ya siku kadhaa unakuta mzigo wako. Nilipenda kupiga Jumapili asubuhi, wakati mji wote uko kanisani na laini za simu zimepumua. Siku za kazi ungezungusha namba mpaka kidole kiote sugu.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa serikali ya zamani, mtu wa faili na muhuri. Kitu kilicho ndani ya kioo hakukiamini hata kidogo. Akatoa amri kwamba chochote kitakachoingia kupitia ile mashine lazima kichapwe kwenye karatasi, kigongwe muhuri wa kupokelewa, kitiwe namba na kuwekwa masjala. Kila kitu, bila kuuliza. Kazi hiyo alipewa karani wa masjala, mwanamume mwembamba wa makamo mwenye miwani, mtaratibu, ambaye akigonga muhuri alikuwa anatoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo. Nilimfundisha amri moja tu ya kuchapa. Sikuona haja ya kumfundisha zaidi, maana nilitaka kubaki fundi peke yangu.

Sasa, mjini, karibu na msikiti, kulikuwa na Mzee mmoja wa kutoka kaskazini aliyeuza spea, na alikuwa na lori moja la kupeleka mizigo Lodwar. Nilimjua kwa sababu pikipiki ya mradi ilikuwa inakufa kila wiki. Ukifika dukani kwake unapewa chai kwanza, ya maziwa, imejaa iliki na sukari mpaka meno yanauma, ndipo unaulizwa shida. Tulizoeana hadi nikawa napita hata kama pikipiki ni nzima.

Mzee alikuwa na binti wa miaka saba. Homa kali ilimshika akiwa bado ananyonya, ikaondoka na masikio yake. Alikuwa hasikii na hasemi. Alikuwa mtoto mchangamfu, mtundu ajabu, anagonga kaunta kwa ngumi akitaka kitu na kukuvuta koti mpaka uangalie anakotaka.

Siku moja nikiwa pale, lori lilikuwa linarudi nyuma uani, na mtoto amechutama nyuma yake anapanga vizibo vya soda. Watu wakapiga kelele. Kelele za nini kwa mtoto yule? Mzee akaruka, akamnyakua, halafu akamzaba kofi lililomwangusha chini. Akamwinua, akamzaba la pili. Damu ikamtoka puani. Mimi nikachemka.

"Mzee, utaua mtoto!" nikamwambia.

Akaketi juu ya gurudumu kuukuu. "Nimwambie nini, karani?" akaniuliza. "Wewe niambie. Akienda kwa moto, namchapa. Akienda kwa barabara, namchapa. Huyu mtoto mimi nina neno moja tu ya kumwambia, na hiyo neno ni kofi. Atakua akijua baba yake ni mtu wa kupiga."

Baadaye, chai ilipopoa, akaniambia amesikia kuna lugha ya mikono, na kuna shule yake, lakini ni mbali na mama mtoto amekataa katakata kumpeleka bweni. "Wewe si uko na mashine ya kuitisha vitabu huko Ulaya? Niitishie hiyo. Nijifunze mimi kwanza, halafu nimfunze."

Jumapili iliyofuata niliingia kwenye orodha, nikatafuta, na kweli kwenye kompyuta moja ya ng'ambo kulikuwa na faili la wazazi wa watoto wasiosikia, lenye picha za mikono, herufi kwa herufi. Nikatuma ombi. Sikuandika jina la mtu, kwa sababu mashine ile ilikatazwa kutumiwa kwa shida za watu wa nje. Kwamba faili lile lilikuwa la nani, nilijua mimi na Mzee tu.

Lilikuja Jumapili ya pili baadaye, likachukua zaidi ya saa nzima kuingia. Faili kubwa zilikuwa zinakuja zimekandamizwa, kama robota la mitumba. Mpaka ulifungue kwa programu yake ndipo uone nguo. Mke wangu alikuwa ananingoja twende kwa dada yake, kwa hivyo nikasema nitalifungua kesho, nikafunga ofisi.

Kesho yake gurudumu la baiskeli likapasuka njiani. Nikafika ofisini wakati wa chai ya saa nne, jasho linanitoka, hasira ziko karibu. Nikasikia printa inalia ting, ting, ting, kengele ambayo sijawahi kuisikia. Ndani nikamkuta karani wa masjala ameketi na ulimi wake pembeni, anagonga muhuri. Alikuwa amelichapa lile faili kabla halijafunguliwa. Kurasa arobaini na moja za takataka: vichwa vidogo vinavyocheka, kopa na jembe za karata, mishale, herufi za Kigiriki, mistari iliyokatika. Na kila ukurasa una muhuri wa kupokelewa, tarehe, namba juu pembeni, na sahihi yake fupi.

"Unafanya nini wewe?" nikauliza.

"Barua yako ya jana," akanijibu. "Ni ndefu."

"Hii ni barua? Umesoma nini hapo? Huo utepe wa wino ni wa mwisho!"

"Amri ya mkurugenzi ni kila kitu," akasema kwa upole, na akagonga muhuri mwingine.

Ule upole ndio ulioniudhi. Nilimpiga kofi mbele ya watu wote, mpaka miwani ikaruka na kikombe chake kikapasuka sakafuni. Mama wa chai akapiga ukemi. Karani aliokota miwani, akaivaa ikiwa imepinda, akaniangalia na kusema, "Sawa." Nikafikiri mambo yamekwisha. Mjinga mimi! Shemeji yake alikuwa mmoja wa vijana wa chama, wale wa kuzunguka sokoni na marungu wakiuliza watu kadi, na wakati ule karatasi yoyote isiyoeleweka ilitosha kumpoteza mtu. Tulijua watu waliotoweka kwa sababu ya kipande kimoja cha karatasi. Mimi nilikuwa na arobaini na moja, tena zenye muhuri.

Walikuja Jumanne, wanne, na Landrova. Hawakuuliza jina. Wa kwanza alinipiga ngumi ya tumbo nikiwa bado nasimama kuwasalimu, wa pili akanipiga teke la mgongo nikiwa chini. Mkurugenzi alisimama mlangoni kwake, mikono nyuma, anaangalia ukuta. Walibeba zile karatasi, wakasema na kompyuta pia wanachukua kama ushahidi. Wakang'oa skrini. Skrini tu! Boksi lenyewe, lenye kila kitu, waliliacha chini ya meza, na mmoja akalisukuma kwa mguu apate njia. Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, lakini nilicheka, na yule mwenye skrini akanipiga nayo pembeni ya uso. Jino moja lilibaki palepale kwenye simenti ya ofisi.

Chumba walichoniweka kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha la juu lisilofikiwa na mkono. Nilikuwa nasikia watoto wa shule wakitoka saa sita, wanaimba, na hivyo ndivyo nilivyojua siku. Watu wangu walikuwa wawili. Mmoja mdogo, amevaa sweta ya kijani, na sauti yake ni ya upole kama ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Mwingine mkubwa, ambaye siku zote tatu hakusema neno. Huyo ndiye aliyeshika kipande cha mpira wa maji.

Yule mdogo aliweka karatasi mezani, akazinyoosha vizuri, akageuza ukurasa wa kwanza upande wangu.

"Soma," akasema.

"Afande, hii haisomeki."

Mpira ukashuka mgongoni. Sijui kama umewahi kupigwa na mpira wa maji. Kwanza unasikia mlio, halafu kwa muda mfupi sana huhisi kitu, halafu ngozi yote inawaka mara moja na pumzi inakataa kuingia.

"Imepokelewa, imegongwa muhuri, imetiwa sahihi," akasema yule mdogo. "Serikali haigongi muhuri kitu kisichosomeka. Soma."

Nilieleza. Nilieleza habari ya simu, ya kompyuta ya Nairobi, ya faili kukandamizwa, ya programu ya kufungua. Nikawaambia nipelekeni ofisini, mnipe skrini, dakika kumi mtaona wenyewe. Akatabasamu. "Unataka uguse mashine uwajulishe wenzako kwamba umeshikwa." Wakanivua viatu. Wakanilaza na miguu juu ya kiti, na yule mkubwa akafanya kazi kwenye nyayo mpaka nikapoteza hesabu, mpaka nikajikojolea, mtu mzima na mke nyumbani.

Basi nikasoma. Mungu anisamehe, nilisoma! Niliweka kidole kwenye kichwa kinachocheka, nikasema hiki ni "sisi". Nikaweka kidole kwenye kopa, nikasema "tayari". Nikasoma ukurasa mzima: sisi tuko tayari, mahindi yamefika, tunangoja mvua. Yule mdogo alikuwa anaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, akiniambia, "Polepole, polepole." Nilimsomea kurasa kumi na mbili. Sikupigwa muda wote huo, na niliupenda kuliko siku ya arusi yangu.

Alipomaliza akafunga kalamu. "Mahindi ni bunduki?" akauliza.

"Hapana, afande. Mahindi ni mahindi."

"Haya. Rudia ukurasa wa tano."

Nilirudia ukurasa wa tano. Bila shaka ulitoka mwingine kabisa. Akalinganisha na daftari lake, akafuata mistari kwa kidole, na uso wake ukajaa huzuni ya kweli, kama mtu aliyedanganywa na mwanawe. Akamwangalia mwenzake. Siwezi kueleza yote ya alasiri ile. Walinivunja vidole viwili vya mguu wa kushoto, na mpaka leo ninachechemea kukiwa na baridi.

Jumatano nilisema ukweli uliobaki. "Hii ni lugha ya viziwi," nikasema. "Lugha ya mikono. Ni ya kumfundisha mtoto asiyesikia kuongea kwa vidole."

"Lugha ya mikono," akarudia yule mdogo, akaandika. "Mikono ndiyo inasema."

"Ndiyo, afande."

"Mtoto wa nani?"

Hapo nikafunga mdomo. Mimi, mtu wa maneno mengi hivi, nilifunga mdomo. Nilijua nikimtaja Mzee nimemmaliza. Watu wa kaskazini wakati ule walikuwa wanaitwa wapange foleni kuonyesha vitambulisho, na kitambulisho peke yake hakikutosha. Waliulizwa babu alizaliwa wapi, mzee gani wa ukoo anawajua. Aliyekosea jibu alipakiwa kwenye lori na kutupwa mpakani, aache duka, aache mke. Mtu kama huyo, jina lake likiingia katika chumba hiki, pamoja na karatasi hizi? Nikajiambia, afadhali nife. Nilijiambia hivyo kwa maneno hayohayo, na nilijiamini.

"Mtoto wa nani?" akauliza tena. Akauliza Jumatano mchana kutwa. Nilizabwa, nilikanyagwa, kichwa kilitumbukizwa ndani ya ndoo mpaka masikio yakapiga kengele. Nikasema ni wangu. Wakaniambia huna mtoto, tumeenda Yamumbi, tumeongea na mke wako. Waliposema "tumeongea" yule mkubwa alitabasamu, na mimi nikalia.

Alhamisi watoto wa shule walikuwa hawajatoka bado. Yule mkubwa alichukua mpira wake, akanipiga mara moja kwenye nyayo zilizovimba. Akanipiga mara ya pili. Nakumbuka wakati wa pili nilianza kujipangia maneno. Nikajiambia Mzee ana pesa, anajuana na wakubwa, lori lake linabeba mizigo ya watu wazito, ataulizwa tu na kurudishwa. Nikajiambia ni raia, ana karatasi zote. Nilikuwa najidanganya na najua kwamba najidanganya.

Pigo la tatu liliposhuka nikapiga kelele. "Ni Mzee wa spea! Karibu na msikiti! Ni wa binti yake!" Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, kana kwamba nahofia hawatasikia vizuri. Wala hakukuwa na haja ya pigo la nne, lakini yule mkubwa alishainua mkono, basi akanipiga tu.

Adhuhuri ileile walinipakia Landrova na kunitupa barabara ya kwenda Sugoi, jua linawaka, viatu vyangu wamenitupia mtaroni. Mwenye trekta aliniokota. Nyumbani nilimkuta mke wangu na jicho limefunga, bluu, na mkono mmoja ameufunga leso. Hakunieleza na mimi sikuuliza. Alichemsha maji ya chumvi, akaziosha nyayo zangu polepole.

"Ulisema kitu?" akaniuliza.

"Sikusema kitu," nikamjibu.

Akaweka paji la uso kwenye goti langu, akasema asante Mungu. Huyu ni mke aliyepigwa kwa ajili yangu, na nikamwacha ashukuru juu ya uongo.

Nilifukuzwa kazi, hilo lilitarajiwa. Wiki ya pili nilienda ofisini kuchukua vitu vyangu. Mkurugenzi hakuniangalia. Alisema, "Mimi naenda kula, nitarudi saa nane," akauacha mlango wa chumba cha mashine wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Boksi bado lilikuwa chini ya meza. Nikaazima skrini ya kompyuta ya mhasibu, nikachomeka waya, nikaliona faili langu, nikalifungua kwa dakika mbili. Dakika mbili! Nilikaa pale nikaitukana ile mashine matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Nilikuwa natafuta utepe wa printa. Karani wa masjala akaingia, akaweka utepe mpya mezani. Alikuwa amekonda. "Mimi nilitaka wakuonye tu," akasema, akiangalia chini. "Haki ya Mungu, sikujua." Nilitaka kumkaba koo. Nikakumbuka kelele nilizopiga Alhamisi, nikasema, "Sawa." Nikachapa picha za mikono, kurasa ishirini na sita, safi kabisa.

Nilikaa nazo nyumbani mwezi mzima na zaidi. Kila siku nilisema kesho. Mjini nilizunguka nisipite karibu na msikiti. Habari nilizipata kwa watu: wamemchukua Mzee siku ileile mchana, wamekaa naye siku tisa, duka limefunguliwa upya nusu, lori halipo. Mwishowe mke wangu alizikuta zile karatasi chini ya godoro, akaniuliza mbona sijazipeleka. Nikazivika gazeti, nikaenda.

Mke wa Mzee ndiye aliyekuwa kwenye kaunta. Hakunipa chai. Aliangalia mguu wangu mbaya, akaangalia uso wangu. "Ingia," akasema. "Yuko nyuma."

"Mama, walimfanya nini?"

"Walimwambia, tumesikia mikono yako inaongea," akajibu. "Walikuwa wanaweka vidole moja moja kwa mlango, na wanafunga mlango. Wakimaliza moja wanamwambia, haya, sema."

Maneno yale ya mikono ni mimi niliyewapa. Siku ile ya Jumatano, nikidhani nasema ukweli mtupu usio na madhara, niliwaonyesha pa kupiga.

Mzee alikuwa ameketi uani, kwenye kivuli, mikono juu ya magoti. Bendeji zilikuwa zimetolewa. Vidole vilikuwa vimeunga vyenyewe ovyo, vingine vimeelekea nje, vingine havikunjiki. Nikasogea ili niombe msamaha.

"Walinisomea maneno yako," akasema. "Najua. Keti."

Sikuweza kuketi. Niliweka karatasi kwenye sanduku la mbao mbele yake, nikafunua gazeti. Binti yake akaja mbio, akagonga sanduku kwa ngumi, akainama juu ya picha. Alizitazama kwa muda mrefu, picha ya mkono, picha ya mkono, picha ya mkono. Halafu akaangalia mikono ya baba yake.

Herufi ya kwanza ni ngumi. Vidole vinne vinakunjwa, kidole gumba kinasimama pembeni. Mtoto alikunja wake mara moja, akauinua juu atuonyeshe. Mzee akatikisa kichwa, ndiyo. Mtoto akangoja. Alipoona baba hafanyi, akamshika mkono wa kulia, na kwa subira yote ya mtoto anayemfundisha mkubwa, akaanza kumkunja vidole, kimoja baada ya kingine, akivisukuma ndani vifanane na picha.

Niliona jasho likimtoka Mzee kwenye paji la uso, likashuka kwenye ndevu. Niliona shingo yake ikikaza na macho yakijaa maji. Nikasikia kitu ndani ya kidole kikilia. Angeweza kupiga kelele kadiri alivyotaka, mtoto asingesikia. Angeweza kuuvuta mkono. Hakuvuta, na hakutoa sauti yoyote, mpaka kidole cha nne kilipokubali na ngumi ikapatikana, na mtoto akacheka.

Mimi, siku nilipomtaja, nilikuwa nimepigwa mara tatu tu.